Nguvu ya Moyo Yapimwa kwa Kipimo Gani?



Huku kwetu Nyangamara, msimu wa korosho ukifika, hakuna jambo linalosemwa zaidi kuliko mizani. Mkulima aliyepalilia, akapulizia dawa mikorosho yake, akaokota korosho moja moja hata mgongo ukamwuma, hutaka kujua neno moja tu: je, mizani ni ya haki? Maana wote twaijua kangomba, kipimo ambacho walanguzi hununulia korosho vijijini nje ya chama cha ushirika. Aliye na shida hupimiwa hivyo hivyo, akapokea fedha kidogo, akanyamaza. Basi mkulima wa huku hahitaji kufundishwa kwamba kipimo kibaya ni wizi.

Leo nataka tuzungumze habari za kipimo kingine, kisichotumia mawe wala kilo. Nacho ni kipimo cha nguvu ya moyo: nguvu ile ambayo mtu mzima anayo, au hana, baada ya kupata taabu katika utoto wake.

Jambo hili lilinijia hivi. Jumapili moja baada ya misa tulikuwa tumekaa chini ya mwembe, na maongezi yakawa juu ya malezi. Baba mmoja, mtu wa makamo mwenye heshima zake, akasema, “Sisi tulipigwa, tulilala na njaa, wengine tuliachwa na wazazi. Tazameni, tumekua, tuna nyumba na watoto. Watoto wa siku hizi mioyo yao ni ya karatasi.” Watu wakacheka, nami nikacheka. Nalicheka kwa sababu hata mimi, tangu nilipotoka chuo cha ualimu, nimekwisha kuwaambia watoto maneno kama hayo mara nyingi: “Nami nalichapwa, na leo ni karani.” Lakini kando yetu alikuwapo mama mmoja asiyecheka. Aliinuka polepole, akafunga kanga yake, akaenda zake. Habari za mama huyo nitazirudia.

Nilipofika nyumbani nikajiuliza: je, maneno ya yule baba ni ya kweli? Na mtu akitaka kujua, atapimaje?

KUPIMA MZIGO

Ukitaka kujua nguvu za mchukuzi, sharti kwanza ujue uzito wa mzigo wake. Wenye elimu nao walianza hivyo. Kati ya mwaka 1995 na 1997, huko California katika nchi ya Marekani, watu wazima zaidi ya 17,000 waliulizwa mambo yaliyowapata kabla hawajatimiza miaka 18. Walioongoza kazi hiyo walikuwa madaktari Vincent Felitti na Robert Anda. Je, ulikuwa ukipigwa au kutukanwa nyumbani? Je, kuna mtu mkubwa aliyekutendea mambo machafu? Je, mama yako alikuwa akipigwa? Je, nyumbani mlikuwamo mlevi, au mgonjwa wa akili, au mtu aliyefungwa gerezani? Kila aina ya taabu ilihesabiwa alama moja.

Majibu hayo yalipolinganishwa na afya yao, lilionekana jambo la kutisha. Waliopatwa na taabu za aina 4 au zaidi walikuwa katika hatari ya ulevi, ya huzuni kubwa na ya kujaribu kujiua, mara 4 hata mara 12 kuliko wale ambao hawakupatwa na hata moja. Basi fimbo ya utotoni haikuishia utotoni. Wahenga walikwisha kusema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mwili una kumbukumbu yake, hata mtu anapodhani amesahau.

Wala usidhani, msomaji, kwamba hayo ni mambo ya Wazungu. Mwaka 2009 ulifanyika uchunguzi katika nchi yetu nzima, na taarifa yake ikatolewa mwaka 2011. Waliulizwa vijana wa kike na wa kiume wenye umri wa miaka 13 hata 24. Karibu wasichana 3 katika kila 10, na mvulana 1 katika kila 7, walisema walitendewa ubaya wa kimwili wa aibu kabla ya kutimiza miaka 18. Karibu robo tatu yao, wasichana kwa wavulana, walisema walipigwa: ngumi, teke, mjeledi. Nao waliowapiga hawakuwa majambazi wa njiani. Walikuwa jamaa zao, walimu wao, na watu wengine waliokuwa na mamlaka juu yao.

Tena kuna habari za Kagera. Katika miaka ya 1991 hata 1994, wakati UKIMWI ulipokuwa ukiua wazazi wengi mkoani humo, wachunguzi waliandikisha nyumba 915. Mwaka 2004 walirudi kuwatafuta watu wale wale, na tena mwaka 2010. Waliokuwa watoto walikuwa sasa watu wazima. Wakawapima urefu, wakawauliza wamesoma miaka mingapi. Ikaonekana kwamba kufiwa na mama katika utoto kulimpunguzia mtu, kwa wastani, kama sentimeta 2 za urefu na kama mwaka 1 wa shule. Tafakari jambo hilo. Msiba wa mama uliandikwa katika mifupa ya mtoto, na miaka zaidi ya kumi baadaye ulisomeka kwa kipimo cha fundi cherehani.

Basi hapa twaweza kumjibu yule baba neno la kwanza. Taabu ya utoto huacha alama. Na tena, anayesema “nalipigwa nikakua” ndiye aliyepo chini ya mwembe kusema. Aliyevunjika hayupo. Yuko kilabuni, au gerezani, au amelala makaburini, wala hakuna aliyemwuliza.

KUPIMA NGUVU

Lakini yule baba alikuwa na nusu ya ukweli. Si kila aliyebeba mzigo mzito ameanguka. Kwa nini?

Alikuwapo mama mmoja mwenye elimu, jina lake Emmy Werner, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kutafuta jibu. Yeye na mwenzake Ruth Smith walifuata watoto wa kisiwa kimoja kiitwacho Kauai, katika visiwa vya Hawaii, ambako watu wengi walikuwa vibarua wa mashamba ya miwa na mananasi. Walikuwa watoto 698, wote waliozaliwa huko mwaka 1955. Waliwafuata tangu tumboni mwa mama zao hata walipofika miaka 40. Wengine katika hao walikuwa katika hatari kubwa tangu utotoni: ufukara, shida wakati wa kuzaliwa, ugomvi wa nyumbani, mzazi mlevi au mgonjwa wa akili. Katika hao wa hatari kubwa, kama theluthi moja walikua wakawa watu wazima wenye kujiweza, wenye kazi, wenye kupenda na kupendwa.

Walikuwa na nini hao? Wengine walizaliwa na tabia ya uchangamfu iliyowavuta watu. Wengine walipewa kazi za kufanya nyumbani, wakajiona wana maana. Lakini jambo moja lilirudi mara kwa mara: walikuwa na mtu mkubwa angalau mmoja aliyewajali bila kuwaacha. Mara nyingi hakuwa baba wala mama. Alikuwa bibi, au babu, au shangazi, au jirani, au mwalimu.

Basi ikawafaa wachunguzi kutengeneza kipimo. Msomaji asidhani ni chombo cha kioo kama kile cha kupimia homa. Ni orodha ya maneno, na mtu hujibu kila neno ni kweli kwake kwa kadiri gani. Mwaka 2003 Kathryn Connor na Jonathan Davidson wa Marekani walitoa orodha ya maneno 25. Kila neno lina alama, tangu 0 hata 4, na jumla haizidi 100. Maneno yake mengi yahusu nafsi ya mtu mwenyewe: je, akipatwa na mabadiliko aweza kuyazoea? Je, akishindwa hukata tamaa?

Ni kipimo kizuri, na kimetumika nchi nyingi. Lakini wengine waliuliza: je, watu wa kijijini, wanaolima pamoja na kula pamoja, nguvu yao yakaa ndani ya nafsi tu? Michael Ungar wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, huko Halifax katika Kanada, pamoja na wenzake wa nchi mbalimbali, walifanya kazi katika jamii 14 za nchi 11. Mojawapo ilikuwa Njombe, hapa hapa Tanzania. Waliwauliza watu wenyewe: kwenu, kijana aliyepatwa na taabu akasimama, amesimama kwa msaada wa nini?

Majibu hayakuwa ya nafsi peke yake. Watu walitaja jamaa wa kutegemea. Walitaja chakula, shule na kazi. Walitaja mila za kwao na imani yao, kutendewa haki, na kujua kwamba mimi ni mtu wa mahali fulani na watu wa hapo ni wangu. Katika majibu hayo ikatungwa orodha ya maneno 28 kwa vijana, kisha ikatungwa nyingine ya watu wazima. Siku hizi iko iliyofupishwa ya watu wazima, yenye maneno 17: kumi yahusu nafsi ya mtu, na saba yahusu jamaa zake na watu wake wa karibu. Kila neno hupata alama 1 hata 5, basi jumla ni kati ya 17 na 85.

Angalia vizuri, msomaji. Katika kipimo hiki huwezi kumpima mtu bila kuwapima na watu wake. Ukipanda vijiti viwili vya mhogo wa mbegu moja, kimoja penye udongo mzuri na kimoja juu ya mwamba, kisha kimoja kikafa, hutasema kwamba mhogo ule ulikuwa mvivu. Utaangalia udongo.

Kipimo cha watu wazima kilijaribiwa pia huko Ireland, na habari zake zikatolewa mwaka 2018. Walioulizwa walikuwa watu wazima 105 waliotendewa maovu walipokuwa watoto, katika nyumba za kulelea zilizokuwa mikononi mwa watu wa Kanisa. Tume ya nchi hiyo ilikuwa imekwisha kutoa taarifa yake ndefu juu ya nyumba hizo mwaka 2009. Naandika jambo hili kwa huzuni, lakini sharti liandikwe, hata katika gazeti letu wenyewe. Kidonda kinachofunikwa kwa ajili ya heshima ya nyumba hakiponi, huoza. Na watu wale waliponyanyaswa na walezi wao, walinyang'anywa hasa kile ambacho kipimo hiki huulizia: mtu mkubwa wa kutegemea.

PENYE MITEGO

Kila mizani ina hila zake, hata hii. Nataja mitego mitatu.

Wa kwanza ni salamu yetu. Sisi tukiulizwa “Hujambo?” twajibu “Sijambo,” hata kama homa yatutetemesha. Tukiulizwa habari za nyumbani twasema “Nzuri,” kisha baada ya kitambo, “ila tumefiwa na mtoto.” Ni adabu yetu, nami siikatai. Lakini mgeni akija na karatasi yake akauliza, “Je, una watu wa kukusaidia?” mtu atajibu “Naam, wapo,” ili asiwaaibishe ndugu zake. Ndiyo sababu wachunguzi wenye busara hawaharakishi. Hukaa na mtu faraghani, humsomea asiyejua kusoma, humwambia kwamba aweza kukataa kujibu. Na orodha ikitafsiriwa kwa Kiswahili, mtafsiri wa pili, asiyeiona ya kwanza, huirudisha katika lugha ilikotoka, ili wajue kama neno limepotea njiani.

Mtego wa pili ni neno lenyewe. Sisi twapenda sana kusema “vumilia.” Mke apigwa, twamwambia vumilia. Mtoto alala nje, twasema atakuwa mvumilivu. Lakini kuvumilia si sawa na kuwa na nguvu ya moyo. Punda huvumilia mzigo hata akaanguka nao njiani. Nguvu ya moyo tunayoitaja hapa ni kuweza kuinuka, na kuweza kuitafuta njia ya kutoka penye ubaya, na kuipata. Kitanda usichokilalia huwajui kunguni wake. Basi tusimsifu mtu kwa kulalia kunguni, hali tungeweza kumsaidia kutoa kitanda juani.

Mtego wa tatu ni kuitumia hesabu kumhukumu mtu mmoja. Robert Anda, yule niliyemtaja hapo juu, mwaka 2020 yeye na wenzake walionya kwamba hesabu ya taabu yafaa kujua hali ya watu wengi kwa jumla, lakini haifai kumtabiria mtu mmoja maisha yake. Mtu mwenye taabu nane aweza kusimama, na mwenye moja aweza kuanguka. Basi mwalimu, au katekista, au karani kama mimi, asichukue karatasi akasema, “Huyu ni wa kuharibika.” Hiyo ni kangomba ya roho za watu.

ALIYEITWA

Sasa nirudi kwa yule mama asiyecheka. Siku ya Jumanne alikuja ofisini kuandikisha ubatizo wa mtoto wake wa mwisho. Amenipa ruhusa nieleze habari zake bila jina.

Niliandika jina la mtoto, la baba na la mama. Nikamwuliza jina la mama wa ubatizo. Akamtaja bikizee mmoja ninayemjua, ambaye siku hizi hata kutembea ni kwa mkongojo. Nikasema, “Mama, bibi huyu amezeeka mno. Hatamwona mtoto akikua. Huoni heri kijana?” Akajibu, “Mwalimu, nataka jina lake liandikwe tu.”

Kisha akakaa kwenye benchi akanieleza. Mama yake alifariki yeye akiwa na miaka minane, na kaka yake kumi. Baba alioa tena, akashika pombe. Watoto walipigwa kwa kosa na pasipo kosa, na usiku mwingine walilala katika kibanda cha kulindia ufuta. Ng'ambo ya njia alikaa bibi yule, mjane. Kila alasiri aliita, “Mtoto, njoo unichotee maji!” Naye alikwenda, akachota ndoo moja ndogo, kisha bibi akamwambia, “Umechoka, kaa ule kwanza.” Palikuwa na ugali na kisamvu, siku nyingine mbaazi. Akila, bibi humwuliza habari za shule, husikiliza, husuka nywele zake.

“Nalikuwa mtu mzima,” akasema, “ndipo nilipokumbuka kwamba mtungi wake ulikuwa umejaa kila siku. Hakuwa na haja ya maji. Alinipa kazi ili nisione haya ya kula kwake.”

Nikamwuliza habari za kaka yake. Akanyamaza kitambo. “Mvulana haitwi kuchota maji, mwalimu. Hakuna aliyemwita. Alikwenda Lindi akiwa na miaka kumi na minne, kisha tukasikia yuko Kilwa, kisha hatukusikia tena. Jumapili nilisikia mkisema habari za moyo wa karatasi. Watu husema mimi nina moyo mgumu kuliko kaka yangu. Si kweli. Fimbo ilipokuja, yeye ndiye aliyesimama mbele yangu. Alinipita kwa moyo. Lakini mimi niliitwa, yeye hakuitwa.”

Nikaandika jina la bibi katika kitabu, mahali pake. Sikuwa na la kusema.

TUFANYE NINI?

Katika chuo cha ualimu nilijifunza kupima watoto kwa mitihani. Nilimpa alama aliyejua na aliyeshindwa. Sikupata kuuliza, “Huyu jana amekula kwa nani? Akilia humkimbilia nani?” Sasa naona maswali hayo yangekuwa ya kwanza.

Basi msomaji, jipime nyumbani kwako. Usianze kwa kuuliza watoto wa kijiji wana mioyo ya namna gani. Uliza hivi: ni mtoto gani, asiye wangu, ambaye mimi namwita? Je, namwita kwa njia ya kumpa heshima, au kwa kumsimanga? Na wavulana je? Wasichana huitwa kutwanga na kuchota, wakapata hapo sikio la kuwasikiliza. Mvulana huachwa azurure, kisha twashangaa akipotea. Mwiteni akashike kamba ya mbuzi, akasaidie kuezeka, akakae jioni na wanaume wanaosema maneno mema. Mkono mmoja haulei mwana.

Kwa wewe uliye mtu mzima na bado wabeba mzigo wa utoto: usijihesabu kuwa umekwisha. Kule Kauai, wengi waliokuwa wameharibikiwa wakiwa vijana walionekana wametengemaa walipofika miaka ya thelathini na arobaini. Walipata mlango wa pili: ndoa njema, kazi, masomo ya ukubwani, au jumuiya ya kanisa iliyowapokea. Kama hupati usingizi, kama pombe yakutawala, kama huzuni haikuachi au wafikiri kujiua, nenda hospitali ukamweleze mganga wazi, kama vile ungemweleza habari za malaria. Hiyo si aibu. Na mweleze mtu mmoja unayemwamini, leo, si kesho.

Na ukijua mtoto anayeumizwa, usimwambie avumilie. Iko simu ya mtoto, namba 116, hailipiwi. Yuko ofisa wa ustawi wa jamii wilayani, na polisi liko dawati la jinsia na watoto. Ikiwa anayeumiza ni mtu mwenye heshima, hata kama ni mwalimu au mtu wa Kanisa, wajibu ni ule ule. Heshima ya mkubwa haipimwi kwa machozi ya mdogo.

Nimalize kwa yule baba wa chini ya mwembe. Juma lililofuata nilimfuata shambani kwake, tukakaa kivulini. Sikwenda kubishana. Nilimwuliza neno moja: “Baba, wewe ulipopigwa na kulala na njaa, ni nani aliyekuwa akikuita?”

Alinitazama kama mtu asiyeelewa. Kisha akatazama mikorosho yake kwa muda mrefu. “Mjomba wangu,” akasema. “Alikuwa akinichukua kulinda nguruwe usiku. Tulikoka moto, akanichomea mhogo. Alinipa kipande kikubwa, yeye akala kidogo. Alinifundisha majina ya nyota.” Akanyamaza, akachukua jembe lake, akaliweka tena chini.

“Kumbe,” akasema, “huyo sikumhesabu.”

Wasomaji wapenzi, jioni ya leo mhesabuni wa kwenu. Kisha tokeni mlangoni mkamwite mtoto.

Ni mimi,
Karani wa Parokia, Nyangamara